Mstari Mmoja kwenye Fomu ya Mwalimu

Nilianza kuandika haya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 1986, saa kumi na dakika ishirini jioni, mara tu nilipotoka kwa Mwalimu. Nilikaa kwenye jiwe la kufulia nguo nyuma ya jikoni, kwa sababu ndani kulikuwa na wageni wa mama na mimi siwezi kuandika mtu akiniangalia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mibuni, kama kawaida ya Nunguni mwezi huu, na karatasi zilianza kulowa kabla sijafika katikati ya ukurasa.

Mwalimu ni mgonjwa. Kifua kimemshinda, na hospitali ya misheni imemrudisha nyumbani na dawa za maumivu tu. Leo amenipa kazi ambayo lazima niimalize kabla ya kesho saa sita, gari la barua likiondoka posta. Nikishindwa, na yeye akifa kabla ya gari lijalo la Jumatatu, pesa za bima yake zitalipwa kwa jina la mtu aliyekufa zamani, halafu shemeji yake atazidai kwa niaba ya ukoo. Mama Ndinda, anayeishi naye, na watoto wake watatu hawatapata kitu. Kwa hivyo nitaandika kwanza Mwalimu ni mtu wa aina gani, kwa sababu nikiandika huwa naogopa kidogo kidogo badala ya kuogopa yote mara moja.

Ni jirani yetu, mwanamke mjane, na alinifundisha darasa la tatu na la nne. Watu wote huku humwita Mwalimu, hata wale wazee aliowakuta na mvi. Ni mrefu, anatembea na mwavuli hata kiangazi, na miwani yake ameifunga kwa kamba ya katani kwa sababu mguu mmoja ulivunjika na hakuona sababu ya kununua mingine. Anafagia uwanja wake mwenyewe. Karatasi zake zote ziko ndani ya debe la mafuta ya kupikia, chini ya kitanda, na kila mtu nyumbani mwake anajua liko wapi. "Karatasi iliyofichwa," husema, "ni ya panya."

Neno lake kubwa ni "Wapi imeandikwa?" Ukimwambia mvua itanyesha, atauliza wapi imeandikwa. Ukimwambia daktari amesema, atauliza wapi imeandikwa. Mama husema kwamba siku ya mwisho Mwalimu atamwomba malaika amwonyeshe ukurasa.

Alinichapa mara moja tu. Aliniuliza swali, nikalijua jibu, nikanyamaza. Akaniuliza tena, nikaangalia miguu yangu. Alinipiga fimbo mbili za mkono, si kali sana, kisha akasema mbele ya darasa lote, "Mwende, hiyo sauti umeiweka benki? Inazaa?" Watoto walicheka wiki nzima. Lakini Jumamosi hiyo alituma niitwe kwake nimsomee gazeti. Nikawa nakwenda kila Jumamosi tangu hapo, na likizo zote nilipoingia sekondari. Niliamini ananifanyia mtihani.

Bima yake ya maisha aliichukua alipokuwa akifundisha Kabati, upande wa Kitui, akiwa bado ameolewa, mumewe hajafa. Ajenti alikuja shuleni mwisho wa mwezi amevaa suti, walimu wakapanga mstari, wakatia sahihi kama watu wanaopokea mahindi ya msaada. Mwalimu alipofika mbele, akavuta kiti.

"Nisomee," akamwambia ajenti.

"Mwalimu, si wewe unajua kusoma kuliko mimi?"

"Ndiyo. Lakini nataka kusikia sauti yako ikifika hapa kwa herufi ndogo."

Alimsomesha ukurasa wote wa nyuma mpaka chai ikaisha na gari lake likamwacha. Husimulia hadithi hiyo bila kucheka, na anapofika mahali ajenti alipolala kwa mwalimu mkuu bila chakula, hunyoosha kitambaa cha meza.

Kwa sababu hiyo watu walianza kumletea karatasi zao. Hakuwa ajenti, hakulipwa. Fundi mmoja wa mawe hapa kwetu alikuwa ameandikiwa umri na ajenti kwa kumtazama uso tu, maana hajui alizaliwa mwaka gani. Mwalimu alimrudisha kanisani alikobatizwa akatafute kadi. Ikaonekana amepunguziwa miaka saba. Fundi alifurahi, akasema basi abaki kijana hivyo hivyo. Mwalimu akamwambia, "Sema ukweli sasa ukiwa na mdomo. Ukiwa ndani ya sanduku watamuuliza bibi yako, na yeye hatajua kujibu." Wakaandika barua, kampuni ikaongeza kidogo malipo yake ya kila mwezi, na fundi akamnunia Mwalimu mpaka Krismasi.

Mwingine alikuwa mwalimu mwenzake aliyestaafu. Miaka yote bima ilikuwa ikikatwa kwenye mshahara, hata hakumbuki. Mshahara uliposimama, bima nayo ilikuwa inakufa polepole na yeye anachunga ng'ombe. Mwalimu alipanda kilima kwenda kwake na mwavuli wake. Akamwambia bado kuna siku chache za kulipa, na kama hawezi kulipa kama zamani, aombe ifanywe ndogo, yale aliyokwisha kulipa yasipotee. Yule mzee alidhani bima ni kama taa, inawaka au inazimika. Tangu siku hiyo kila mwalimu akistaafu huku, Mwalimu hufika kabla ya zawadi ya kuagwa.

Hata baba yangu amepita kwenye meza hiyo. Baba ni karani wa kiwanda cha kahawa, na ni mzee wa kanisa. Kuna mwaka ajenti wa pili alimpa kalenda yenye picha ya simba, na baba akataka kuchukua bima ya pili. Mwalimu alikuja kuomba chumvi, akaona fomu mezani.

"Baba Mwende, ile ya kwanza umeandika nani alipwe?"

"Ndugu yangu."

"Yule wa Mombasa?"

"Yii, huyo."

"Alikuja hapa lini?"

Baba akafikiri. "Mwaka ule wa njaa."

"Alikuja kuleta ama kuchukua?"

Mama alicheka jikoni, halafu akajifanya anakohoa. Baba akasema kwa sauti ya chini kwamba mwanaume akiandika jina la bibi yake pale ni kama kumwambia, nikifa wewe utanona. Hivyo ndivyo wanaume wengi huku hufikiri. Wengine huacha mstari wazi kabisa, kwa sababu kutaja jina ni kuita kifo kije kusoma. Na mstari ukiwa wazi, pesa hukaa miaka mingi zikitafuta mwenyewe huku mjane anauza kuku.

"Unataka ya pili," Mwalimu alisema, "na ya kwanza haijui mke wako anaitwa nani? Mrudishie huyo mtu simba wake. Hiyo pesa ya pili ongeza kwa hii moja. Na ujaze jina leo, mimi nikiwa hapa."

Baba alijaza. Mwalimu alisahau chumvi.

Sitaki mtu asome hapa adhani ni mtakatifu. Ni mchoyo wa sukari. Huhesabu vijiko kwa macho, na ukichukua cha tatu husema, "Hiyo ni chai ama ni uji?" Hapendi matanga. Mtu huyo aliyewalazimisha watu wote kuandika nani atalipwa wakifa, mwenyewe haingii kwenye nyumba yenye maiti, husimama barabarani na mwavuli mpaka jeneza litoke. Na ana kiburi. Kiburi chake ndicho kimetufikisha hapa leo.

Mwalimu hakuzaa. Mumewe alipokufa walikuwa hawana mtoto, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaanza kupima shamba kwa miguu akidhani hakuna anayemwona. Basi Mwalimu akafanya jambo ambalo mama zetu wa Kikamba wamelifanya tangu zamani. Alioa. Mwanamke asiyezaa anaweza kutoa mbuzi na ng'ombe, akaleta msichana nyumbani kwake, na watoto wa huyo msichana wakawa wa nyumba hiyo na wa jina la marehemu. Sisi husema iweto. Mwalimu alimleta Mama Ndinda kutoka upande wa Kibwezi, Ndinda akiwa tayari mtoto wa miaka mitatu. Shemeji alikuwepo siku ya mbuzi, na alikula nyama. Mama Ndinda humwita Mwalimu Mwaitu, yaani mama, na watoto humwita Susu, nyanya.

Kanisa lilimtoa kwenye meza ya Bwana. Wazee waliketi, wakapiga kura, na baba yangu aliinua mkono. Najua kwa sababu alimwambia mama, na nyumba yetu ina ukuta mwembamba. Mwalimu hakuacha kanisa. Huketi benchi la mbele kila Jumapili, na mkate ukipita hunyoosha mgongo na kuangalia mbele. Baba naye huangalia chini. Miaka mitano sasa hajakanyaga uwanja wa Mwalimu.

Na mimi nitaandika ukweli hapa kwa sababu hiki ni kitabu changu. Shuleni, wasichana wa kwetu walipomwita Mwalimu "mwanaume wa Nunguni", mimi nilicheka. Si kwa sauti. Lakini nilicheka.

Leo mchana Ndinda, mtoto wa kwanza, alikuja kuniita. Ana miaka minane. "Susu anasema uje na macho yako," alisema. Nilimkuta Mwalimu ameketi karibu na dirisha, amejifunga blanketi mbili, debe liko miguuni. Alikuwa amekonda mpaka miwani inateleza. Akanipa fomu ya kampuni, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa ya kahawia.

"Nisomee."

"Nianze mbele, Mwalimu?"

"Mbele naijua. Nataka nyuma."

Fomu ilikuwa ya kubadilisha jina la mtu atakayelipwa. Mwalimu alikuwa amemwandika mumewe tangu Kabati, na mume amekufa. Alipomleta Mama Ndinda aliomba fomu hii ili amwandike yeye. Kando ya jina kuna mstari unaouliza uhusiano. Ajenti aliyeileta alicheka akasema, "Mwalimu, kwa kampuni yetu mwanamke haoi mwanamke. Andika ni binti yako. Au andika msichana wa kazi, itapita." Mwalimu akakataa yote mawili. Binti ni uongo, na yeye ndiye aliyefundisha watu kwamba uongo kwenye fomu huja kuwala watoto baadaye. Msichana wa kazi ni tusi. Akaikunja, akairudisha kwenye debe.

Nilisoma nyuma. Herufi zilikuwa ndogo kama punje za wimbi, na Kiingereza chake ni cha mawakili, nikawa naenda polepole nikigeuza kwa Kiswahili. Mwalimu alifumba macho. Nilipofika kifungu cha sita nilisoma kwamba mwenye bima anaweza kumtaja mtu yeyote amtakaye, na kwamba uhusiano unaulizwa tu ili mtu huyo atambulike wakati wa kulipwa.

"Rudia."

Nikarudia.

"Wapi?"

Nikashika kidole chake, nikakiweka juu ya kifungu. Kilikuwa baridi. Alikitembeza kwenye karatasi, huku na huku, lakini macho yake yalikuwa yanaangalia pembeni ya karatasi, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Hapo ndipo nilipoelewa magazeti yote ya Jumamosi.

"Mwalimu, huoni?"

"Naona mlango. Naona mtu kama ni mrefu ama mfupi." Akasukuma miwani juu. "Herufi zilianza kuniacha kidogo kidogo, hata kabla sijaacha kufundisha. Ajenti alipokuja na hii, ilikuwa siwezi tena hizi ndogo. Nikaamini mdomo wake. Mimi! Asi! Miaka mitano nimeamini mdomo."

"Ungeniambia ningesoma."

"Wewe ni mtoto wa mzee wa kanisa."

Mama Ndinda aliingia na chai, akaweka kikombe, akaona fomu. Ni mwanamke mnene, mcheshi, ana mikono ya jembe.

"Mwaitu, bado hilo neno? Andika msichana wa kazi tumalize. Watoto hawatakula neno."

"Sitaandika."

"Basi andika mimi ni mbuzi wako."

"Mbuzi nilizitoa mimi mwenyewe," Mwalimu alisema. "Najua tofauti."

Mama Ndinda alicheka, halafu akageuka haraka akatazama nje, na mabega yake hayakuwa ya mtu anayecheka. Alisema bila kugeuka, "Yule shemeji alikuja jana kuuliza kama umekula. Hajawahi kuuliza hivyo. Alikuwa anaangalia mabati."

Shamba ni la ukoo, na nyumba imejengwa juu ya shamba. Hiyo bima ndiyo kitu pekee ambacho Mwalimu anaweza kumpa Mama Ndinda bila kupitia mkononi mwa mtu yeyote. Kwa hiyo nilichukua kalamu. Kwenye jina niliandika jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kwenye uhusiano Mwalimu akaniambia niandike: mke, kwa desturi ya Wakamba. Niliandika kwa Kiingereza, wino ukaniharibikia kidogo kwenye herufi ya mwisho.

Nikampa kalamu atie sahihi. Hakuipokea.

"Soma chini. Shahidi anafanya nini?"

Nikasoma. Shahidi ni mtu mzima mwenye kitambulisho, ambaye amemwona mwenye bima akitia sahihi.

"Amemwona," Mwalimu alisema. "Basi sitii mpaka awe ameketi hapo. Wewe ni mdogo, huna kitambulisho. Mama Ndinda hawezi, ndiye anayelipwa. Nataka mtu anayejua kusoma anachotia mkono. Na kampuni ikimuuliza kesho, au shemeji akimwekea pombe na mbuzi, asibadilishe neno. Nitafutie mtu wa hivyo, Mwende, kabla gari la barua halijaondoka."

Kwenye kilima hiki chote nilimjua mtu mmoja tu wa hivyo.

"Ndiyo," Mwalimu alisema, kana kwamba nilikuwa nimetamka. "Mimi pia namjua."

Hayo ndiyo niliyoandika kwenye jiwe la kufulia. Jioni tulikula, baba akaomba, nikalala na fomu chini ya mto. Ijumaa asubuhi nilimkuta baba mezani amevaa koti la kazini, anapuliza chai. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakapotea. Nikaiweka fomu kando ya kikombe chake.

"Ni nini hii?"

"Ni bima ya Mwalimu. Anataka shahidi."

Alisoma. Niliona macho yake yakifika kwenye ule mstari na kusimama. Mama aliacha kukoroga uji.

"Nani amekutuma kwangu?"

"Hakunituma kwako, baba. Alisema nitafute mtu ambaye hatabadilisha neno."

Akasukuma kikombe pembeni. Akasema, "Unajua kanisa liliamua nini. Unataka niweke jina langu chini ya hilo neno?"

Nikasema, "Shahidi hashuhudii neno hilo. Anashuhudia kwamba ameona mkono wa Mwalimu ukiandika. Iko hapa." Nikamsomea, kwa sauti, bila kuangalia miguu yangu.

Baba akaichukua fomu, akaisoma tena mwenyewe kutoka juu. Kisha akasema, "Na mimi nitasemaje nimeona, na sijaona?" Akasimama, akaingia chumbani. Nilidhani imekwisha. Alitoka na kitambulisho mfukoni na kofia mkononi. Mama akamwambia chai itapoa. Akasema ipoe.

Nilimfuata nyuma kwenye njia ya mibuni. Mlangoni kwa Mwalimu alisita, watoto wakamwangalia.

"Huyo ni nani mrefu?" Mwalimu aliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Baba Mwende. Umepotea."

"Nimepotea, Mwalimu."

"Keti. Soma mbele na nyuma, usinitilie mkono kwa huruma."

Akaketi, akasoma mbele na nyuma. Alipomaliza akasema, "Kanisa bado linasema vile linasema."

"Kanisa sikuliita. Nimeita macho yako. Unaona mkono wangu?"

"Nauona."

Niliweka Biblia yake chini ya fomu ili karatasi isitoboke, nikamwelekezea kalamu mpaka mwanzo wa mstari. Sahihi yake ilichukua muda, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na ilitoka imepinda lakini ilikuwa yake. Baba akatia yake chini, akaandika namba ya kitambulisho, akapuliza wino. Alipoinuka, Mama Ndinda alimletea chai. Baba aliipokea kwa mikono miwili.

Mimi sikungoja. Nilishuka mbio mpaka posta, bahasha imo ndani ya sweta. Kulikuwa na watu sita mbele yangu, wengi wa kanisani kwetu, na nyuma yangu akasimama mwanakwaya mmoja. Nilipofika dirishani karani akapima bahasha, akachukua kitabu cha rejista, akauliza ndani kuna nini, ili aandike. Siku zote mimi husema "barua tu", na hata hilo hulisema kwa sauti ambayo mtu huniomba nirudie.

"Ni fomu ya bima ya Mwalimu," nilisema, na wote sita, waliokuwa bado wanazungumza mlangoni, wakageuka. "Amemwandika mke wake."